Duka la familia la bunduki za kushindilia: vifaa vya maigizo ya historia ninunue huko au kwingine?

MwanaUvira ameuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu. Ninaishi Lexington, jimbo la Kentucky. Nilizaliwa Uvira, nikakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya familia yetu kuletwa Marekani, na sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Kusini mwa mji wetu ipo Camp Nelson, iliyokuwa kambi ya jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Zaidi ya wanaume weusi 10,000 walijiandikisha na kufunzwa hapo, na wengi wao walikuwa watumwa hadi siku ile walipoandikwa jeshini, kwa maana kuandikwa kwenyewe ndiko kulikowapa uhuru. Tangu 2018 mahali hapo panatambuliwa rasmi kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Mwenzangu wa kazini yumo katika kundi linaloigiza maisha ya askari hao, na baada ya kuwatazama msimu uliopita nimekubaliwa kujiunga nao.

Sasa limekuja suala la vifaa. Mwenzangu alinipeleka kwenye duka moja la familia lililo nje ya mji, katika nyumba ya mbao inayopakana na nyumba wanamoishi. Baba ndiye fundi wa bunduki, mkewe hushona makoti ya sufu, na binti yao hushika hesabu na kufunga mizigo inayosafirishwa. Nilipouliza kuhusu bunduki ya kushindilia (ile inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu) ya mfano wa Springfield ya 1861, yule mzee hakunitajia bei. Aliiteremsha moja kutoka ukutani, akaivuta nyundo hadi nusu, akauchomoa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia, na kuuachia uteleze ndani ya mtutu, nao ukagota chini kwa mlio mwembamba wa chuma kwa chuma. Akasema, “Ukisikia hivi, mtutu ni mtupu na ni safi. Ukisikia kishindo kizito, kuna kitu ndani.” Kisha akaniuliza kiongozi wa kundi langu ameniagiza ninunue ipi. Nilipomwambia kwamba sijamuuliza, aliirudisha bunduki ukutani na kuniambia nirudi nikishapata jibu.

Bei nilipewa na binti yake wakati wa kutoka, nayo inazidi dola elfu moja. Kwenye intaneti naona bunduki zinazofanana na hiyo kwa karibu nusu ya fedha hizo. Je, kuna sababu ya kweli ya kulipa bei ya duka lile, au ninalipia ukarimu na harufu ya mbao za zamani? Na je, mtu asiye raia kama mimi anaruhusiwa kununua silaha ya aina hii bila kujitafutia matatizo?

MzeeWaSafuYaNyuma amejibu:

Ndugu MwanaUvira, karibu katika safu. Mimi ni Mkenya niliyeishi Ohio kwa muda mrefu, na maigizo haya nimeyafanya tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Nianze na yule mzee wa duka: muuzaji anayekataa kukuuzia bidhaa ya zaidi ya dola elfu moja kwa sababu hujazungumza na kiongozi wako ni muuzaji wa kushikwa kwa mikono miwili. Makundi hutofautiana. Lipo linalotaka kila mtu abebe Springfield ya 1861, lipo linaloigiza rejimenti iliyogawiwa Enfield ya 1853 kutoka Uingereza, na lipo linalokubali zote mbili. Ukifika na bunduki isiyolingana na orodha yao utaambiwa uiuze, nawe utaiuza kwa hasara.

Pili, bunduki iwe kitu cha mwisho kununua. Anza na viatu vya ngozi vya mtindo wa wakati ule, kwa sababu viatu vibaya vitakutoa uwanjani kabla ya saa sita mchana. Kisha koti la buluu iliyokoza, suruali ya buluu ya samawati na kofia. Halafu mkanda wenye kikoba cha fataki (vile vikopo vidogo vya shaba vinavyoiwasha baruti), na mkoba wa risasi wa ngozi, ambao askari wa wakati ule alibebea risasi 40 zilizofungwa kwa karatasi. Sare iwe ya sufu halisi. Kitambaa cha nailoni hakifai, kwa kuwa cheche ikikiangukia huyeyuka na kugandamana na ngozi, ilhali sufu huungua taratibu na kuzimika. Yule mama anayeshona makoti ana thamani kubwa kwako sasa kuliko mumewe. Wakati huo wote azima bunduki ya kundi, maana kundi lolote lenye utaratibu huwa na moja au mbili za wageni.

Kuhusu tofauti ya bei, ni lazima ujue bunduki hizo mbili zinatoka wapi. Maigizo na mashindano ya bunduki hizi yalipoanza kupata nguvu hapa Marekani, watu walitumia silaha halisi za kale, na waliowahudumia walikuwa wafanyabiashara wa kifamilia kama Turner Kirkland, aliyeanzisha Dixie Gun Works mjini Union City, Tennessee, mwaka 1954, akiuza kwa katalogi nene ambayo wapenzi wa bunduki za kale waliisoma hata kama hawakuwa na nia ya kununua chochote. Maadhimisho ya miaka mia ya vita, kuanzia 1961, yaliongeza wateja kupita idadi ya bunduki za kale zilizobaki katika hali nzuri, na viwanda vya Italia, hasa vya bonde la Gardone Val Trompia, vikaliziba pengo hilo. Sheria ya Italia inataka kila mtutu ujaribiwe kwa kipimo cha baruti kikubwa kuliko cha kawaida kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo ukiitazama kwa makini ile ya dukani utakuta mihuri ya nyumba ya majaribio, herufi za siri zinazoonyesha mwaka, na herufi PN, kifupi cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya baruti nyeusi. Hapa Marekani hakuna sheria inayolazimisha jaribio hilo, ndiyo maana bunduki za bei nusu, ambazo nyingi hutoka India, zinaweza kukufikia bila muhuri wowote. Sisemi kwamba zote ni mbovu. Nasema tu kwamba utakuwa wewe wa kwanza kuijaribu, nayo iko karibu na uso wako.

Jambo jingine ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi na fataki haziruhusiwi kutumwa kwa posta ya kawaida wala kupandishwa kwenye ndege ya abiria, hata ndani ya sanduku la mizigo. Ukiagiza kwa intaneti, kampuni ya uchukuzi itakutoza ada ya mzigo wa hatari, na kwa mtu anayetaka kopo moja ada hiyo inaweza kukaribia au kuizidi bei ya baruti. Duka la karibu huagiza nyingi kwa pamoja na kuigawanya gharama. Mwaka 2021 ilipotangazwa kwamba kiwanda cha GOEX kule Louisiana, kilichokuwa mtengenezaji mkuu wa baruti nyeusi nchini, kinafungwa, watu walihaha sana, hadi mwaka uliofuata kiliponunuliwa na kampuni ya Estes. Katika kipindi kama hicho mwenye duka humhifadhia kopo mteja anayemfahamu.

FundiColumbus amejibu:

Namheshimu Mzee, lakini nisikubali kwamba duka likishakuwa la familia basi bei yake haina mjadala. Yapo maduka ya familia yanayouza vizuri, na yapo yanayotegemea ukweli kwamba mgeni hajui kulinganisha. Kabla hujalipa, uliza bei hiyo imejumuisha kazi gani. Je, fundi amekwishaifungua na kuipitia mitambo yake? Je, amefuta maandishi ya kiwanda cha kisasa juu ya mtutu ili ifanane na ya kale? Je, ikiharibika mwaka kesho ataitengeneza yeye au atakuelekeza kwa aliyeileta nchini? Kama majibu ni mazuri, lipa. Kama bunduki imetoka kwenye boksi kwenda ukutani, basi bei hiyo ni kubwa.

Njia niliyoitumia mimi ni kununua iliyokwisha kutumika kutoka kwa mwanachama anayestaafu. Bunduki ya Kiitaliano iliyotunzwa haizeeki kwa urahisi, na yule anayekuuzia utamwona kila tukio, kwa hiyo hawezi kukuficha kitu. Ila uikague. Kwanza ivute nyundo hadi nusu, kisha uinyanyue bunduki nzima kwa kidole kilichoingia kwenye kifyatulio, mtutu ukielekea juu na pasipo fataki. Nyundo ikianguka, achana nayo, kwa sababu mkaguzi wa tukio atakufanyia jaribio hilohilo na kukuondoa kwenye safu. Pili, fungua kile kibomba kidogo ambacho fataki huvalishwa juu yake. Kikikataa kutoka, aliyeimiliki hakuwa msafi, na huko ndani kutu imekwisha kuanza kula. Tatu, pitisha kitambaa cheupe kwenye mdeki hadi chini na ukitazame kinapotoka.

Kwenye bunduki za bei nusu nilizozifungua, tatizo la kawaida halikuwa mtutu. Ni vipande vya ndani vya mtambo ambavyo chuma chake hakikukazwa vya kutosha kwa moto, hivyo kile kipengele kinachoishika nyundo katikati huliwa haraka, nawe unabaki na silaha isiyo na usalama wa nusu. Mimi kazi yangu ni magari, lakini chuma ni chuma. Kukirekebisha kunawezekana, ila ukijumlisha gharama za fundi utakuta umekaribia bei ya yule mzee.

Dada_Sheria amejibu:

Kaka MwanaUvira, nijibu swali lako la mwisho, kwa sababu wengi hulikimbia. Sheria ya shirikisho ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 inaziweka nje ya maana ya “silaha ya moto” bunduki zote zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na bunduki za kushindilia zinazotengenezwa leo kwa ajili ya baruti nyeusi au mbadala wake na zisizoweza kutumia risasi za kisasa zenye ganda. Ndiyo sababu duka linaweza kukuuzia pasipo fomu za kawaida, na hata kukutumia nyumbani. Baruti nyeusi ya kiwandani nayo, kwa matumizi ya michezo na utamaduni katika silaha za kale, ina msamaha hadi ratili 50, ambazo hakuna mtu wa maigizo anayezihitaji. Lakini kanuni za zimamoto za mji wako na mkataba wako wa upangaji vinaweza kuwa vikali zaidi, kwa hiyo visome.

Tahadhari zangu ni mbili. Majimbo hayafanani: New Jersey, kwa mfano, huzihesabu bunduki za kushindilia kuwa silaha zinazohitaji kibali, kwa hiyo ukisafiri na kundi usidhani kwamba ruhusa ya nyumbani inakufuata. Tena kuna bunduki mpya za kuwindia zinazoshindiliwa kwa mdomo lakini zimejengwa juu ya fremu ya bunduki ya kisasa. Hizo haziingii katika msamaha huo. Springfield ya mfano wa 1861 haina shida hiyo. Iwapo una jambo lolote katika kumbukumbu zako za mahakama au za uhamiaji, zungumza na wakili kabla ya kununua, si baada ya kununua.

La mwisho halimo katika sheria yoyote, ila nalisema kwa sababu natoka nyumbani kama wewe. Mtu mweusi anayeshuka garini na bunduki ndefu mkononi haonwi na jirani kama askari wa 1864. Ibebe ndani ya mfuko wake, kwenye buti ya gari, na uitoe ukiwa tayari umevaa sare na umo miongoni mwa wenzako.

MwalimuWaPwani amejibu:

Nikiwa Tanga ninaufuatilia mjadala huu kwa shauku, maana bunduki hizi nasi tunazijua kwa jina la magobori, na kwetu hutajwa zaidi polisi wanapoonyesha silaha walizokamata. Naomba nimshauri MwanaUvira kwamba atakapozoeana na yule mzee wa duka, amuulize kama ana bunduki za kibiashara zilizotengenezwa katika miji ya Birmingham, Uingereza, au Liège, Ubelgiji. Maduka ya aina hiyo mara nyingine huwa nayo magobori yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma (Uingereza ilianza kuzigeuza Enfield zake kuwa Snider mwaka 1866), silaha za zamani zilipoteza thamani huko na kupata soko kwetu, zikishushwa Unguja na kupanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuja kulikaza jambo hilo kwa namna ya pekee. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, uliziwekea vikwazo bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu, huku ukiacha mlango kwa gobori la gumegume (linalowashwa kwa cheche za jiwe) lisilo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wa Majimaji waliobahatika kuwa na bunduki walikuwa nazo nyingi za kushindilia, wakikabili bunduki za rashasha za Wajerumani. Kwa hiyo vitu vinavyouzwa katika duka lile kama burudani ya Jumamosi vina ndugu zao waliotufikia kwa shughuli nyingine kabisa, na kijana wa Uvira aliyesimama Camp Nelson na gobori begani ana haki ya kuzijua historia zote mbili.

Lakini usithubutu kuja nayo likizo. Huku kwetu gobori ni silaha kamili inayohitaji kibali, na maelezo kwamba ni ya maigizo hayatakusaidia kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

MwanaUvira ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na kiongozi wa kundi, naye amesema Springfield au Enfield zote zinakubalika, ila yeye anaipendelea Enfield kwa mgeni kwa sababu wana vipuri vyake vingi. Nilirudi dukani na jibu hilo. Yule mzee alicheka, akasema hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akiisubiri, kisha akanionyesha Enfield ya Kiitaliano iliyotumika ambayo mteja wake aliiacha aiuze kwa niaba yake. Alikubali niifanyie jaribio la nusu mbele yake, na nyundo haikutikisika. Alinifungulia mtambo pia, akanionyesha mahali alipobadilisha springi mwenyewe. Bei yake iko katikati ya ile ya kwanza na ile ya kwenye intaneti. Nimeweka arubuni, na koti nimelipima kwa mama.

Nina maswali mawili madogo. Mimi natumia mkono wa kushoto. Je, naruhusiwa kufyatua kwa bega la kushoto? Na je, hapo Camp Nelson tutapigana vita vya maigizo, au ni gwaride tu?

MzeeWaSafuYaNyuma amejibu:

Hapo umenunua vizuri, na FundiColumbus nimpe haki yake. Kuhusu bega: hapana, katika safu kila mtu hufyatua kwa bega la kulia. Mtambo wa bunduki hizi uko upande wa kulia, na fataki ikilipuka hurusha vipande vidogo vya shaba upande huo. Ukiiweka bunduki begani kushoto, mtambo wote utakuja mbele ya uso wako, na mtutu wako utavuruga nafasi ya mwenzako, kwa sababu aliye safu ya nyuma hupitisha bunduki yake juu ya bega la kulia la aliye mbele yake. Anza kujizoeza nyumbani bila baruti wala fataki. Katika mashindano ya shabaha mambo ni tofauti. Ukienda Friendship, Indiana, kwenye uwanja wa NMLRA, chama cha kitaifa cha bunduki za kushindilia kilichoanzishwa 1933, utawakuta wenye mkono wa kushoto na bunduki zilizotengenezwa kwa ajili yao. Huko pia pana wauzaji wengi ukitaka kulinganisha bei.

Kuhusu Camp Nelson, maeneo yaliyo chini ya idara ya hifadhi za taifa hayaruhusu pande mbili kufyatuliana hata kwa baruti tupu. Mtaonyesha mazoezi, kambi, na kufyatua kwa amri chini ya usimamizi wa watu wao waliothibitishwa. Vita vya maigizo hufanyika kwenye ardhi ya majimbo na ya watu binafsi, nako sheria ni moja: hakuna risasi, mdeki hautoki mahali pake, na mtutu huinuliwa juu ya vichwa vya walio mbele. Ukirudi nyumbani, hata kama umechoka vipi, safisha bunduki jioni ileile kwa maji ya moto, ikauke kabisa, kisha uipake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na ukilala nayo utaamka na kutu. Na yule mama mwambie akuachie nafasi kwenye mabega ya koti, maana utakuwa ukiinua na kushindilia siku nzima.